Wimbo Uliohama Usharika: Mashaka ya Msikilizaji Mkristo juu ya Muziki wa Injili

Malalamiko kuhusu muziki wa injili katika Afrika Mashariki huanzia kiunoni. Mwimbaji amecheza mno, nguo imembana, gitaa limekwenda sebene kama la baa. Kisha mlalamikaji anahitimisha kwamba dunia imeingia kanisani. Mlalamikaji huyohuyo, Jumamosi, kwenye sherehe ya kumuaga binti wa jirani, husimama kwa wimbo uleule na kuucheza hadi jasho limtoke. Wachungaji wengi huuita huu unafiki. Mimi nauona kuwa ushahidi. Mtu anayeufurahia wimbo ukumbini na kuutilia shaka madhabahuni ana jambo analolijua ambalo hajalipatia maneno. Maneno aliyo nayo, ya kiuno na ngoma, ameyaazima kutoka katika ugomvi mwingine wa zamani ambao ulishaamuliwa.

Ninachodai hapa ni kwamba kiini cha shaka hiyo ni uwajibikaji. Wimbo wa Kikristo umehama kutoka usharikani, mahali ambapo mwimbaji alijulikana, alisahihishwa na hata kutengwa, ukaenda sokoni ambako anayeusikiliza hana njia ya kumuuliza mwimbaji chochote. Msikilizaji anaihisi hali hiyo, lakini analaumu ngoma kwa sababu ngoma ndiyo inayosikika.

Tuanze na ugomvi ulioamuliwa. Tenzi za Rohoni, kitabu ambacho wazee wetu wanakitetea kama urithi usioguswa, kimejaa tafsiri za nyimbo za uamsho za Uingereza na Marekani za karne ya 19, za aina ile aliyoieneza Ira Sankey kwa kinanda chake alipozunguka Uingereza na mhubiri Dwight Moody kuanzia 1873. Walipofika Scotland, ambako makanisa mengi yalizoea kuimba zaburi bila ala yoyote, wapo waliokiona kinanda kile kuwa kufuru, na nyimbo zenyewe kuwa nyepesi, zenye viitikio vya kurudiarudia na za kuchezea hisia za watu. Ndiyo mashitaka wanayosomewa leo waimbaji wa Dar es Salaam na Nairobi, na wanaoyasoma ni sisi tunaozilinda nyimbo za Sankey. Hata Tukutendereza Yesu, wimbo uliokuwa kitambulisho cha Uamsho ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, ni kiitikio cha wimbo wa uamsho wa Magharibi kilichotiwa Kiganda. Ukiimbwa leo kwenye mazishi ya mlokole wa Bukoba au Kabale, hakuna anayeuona mgeni.

Safari imekwenda upande wa pili pia. Katika miaka ya 1960, kwenye chuo cha theolojia cha Walutheri huko Makumira, Howard Olson aliwahimiza wanafunzi wake walete tuni za makwao, na nyingi zikaingia katika mkusanyo wa Tumshangilie Mungu. Bernard Kyamanywa, mwanafunzi kutoka Bukoba, aliandika mwaka 1966 wimbo wa Pasaka kwa tuni ya Kihaya. Leo wimbo huo umo katika kitabu rasmi cha nyimbo cha Waprotestanti wa Ujerumani, na wanaouimba Pasaka huko hawaulizi kama tuni yake ni takatifu vya kutosha. Kwa Wakatoliki, mlango ulifunguliwa rasmi Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotaka mapokeo ya muziki ya mataifa yapewe heshima na nafasi yake katika ibada. Mwaka huohuo Padre Stephen Mbunga wa Tanganyika alichapisha utafiti wake kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Ngoma, kayamba na manyanga vikaingia kwenye misa kwa idhini, na kizazi kilichofuata hakikuweza hata kufikiri kwamba viliwahi kukatazwa.

Kwa hiyo anayepinga wimbo kwa sababu ya ala au asili yake anasimama upande ambao umeshindwa kila mara. Hilo halimfanyi msikilizaji wetu kuwa mjinga. Linatutaka tutafute kinachomsumbua mahali pengine, na mahali pa kuanzia ni kwaya.

Gregory Barz, aliyechunguza kwaya za Kilutheri za Dar es Salaam na kuchapisha kitabu chake mwaka 2003, alionyesha jambo ambalo kila mwanakwaya analijua: kwaya ni jamii kabla haijawa sauti nne. Ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Inatembelea wagonjwa, inazika, inachangia harusi za wanakwaya, inatoza faini kwa wanaochelewa mazoezi. Mwanakwaya aliyepotoka huwekwa pembeni hadi arudi kundini, na kila mtu kwenye benchi anajua kwa nini hakusimama Jumapili ile. Mwalimu wa kwaya akileta wimbo wenye mafundisho ya kutatanisha, mchungaji anamwita ofisini. Utaratibu huu ulikuwa na ukali wake, na mara nyingine uonevu, hasa kwa mabinti waliopata mimba huku wavulana waliohusika wakiendelea kuimba besi. Lakini ulikuwa na maana moja kubwa: wimbo ulikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa na anwani.

Kanda za kaseti hazikuvunja jambo hili mara moja. Kwaya zilirekodi, zikasikika Jumapili asubuhi kupitia Radio Tanzania, zikafanya uzinduzi wenye mgeni rasmi aliyenunua kanda moja kwa bei ya ng'ombe. Biashara ilikuwapo, tusijidanganye. Lakini fedha zilikwenda kwenye vyombo, sare na basi, na jina lililoandikwa kwenye jalada lilikuwa la mahali: Kijitonyama, Chang'ombe, Makongoro, Ulyankulu. Hilo la mwisho lina uzito wa pekee. Ulyankulu mkoani Tabora ilikuwa makazi ya wakimbizi waliotoka Burundi baada ya mauaji ya 1972, na kwaya zilizotoka huko ziliimba zikiwa na historia ambayo msikilizaji angeweza kuifuata hadi barabara waliyokaa. Aliyenunua kanda alinunua pia ushuhuda wa watu wa mahali fulani.

Jina la mahali liliponyamaza kwenye jalada na kubaki jina la mtu, mambo yalibadilika zaidi kuliko pale gitaa la umeme lilipoingia. Rose Muhando ndiye mfano ulio wazi. Alivuma katikati ya miaka ya 2000 na Mteule Uwe Macho, na mwanzoni mwa 2012 ilitangazwa jijini Dar es Salaam kwamba amesaini mkataba na Sony Music. Sauti yake ya kukwaruza na uchezaji wake vilisemwa sana vibarazani. Kilichosemwa kidogo ni kwamba kuanzia hapo swali la nani anamsimamia mwimbaji wa injili lilikuwa na jibu la kisheria lisilolitaja kanisa.

Hapa lazima tuwe waungwana. Soko liliwapa wanawake mimbari ambayo makanisa mengi yaliwanyima. Angela Chibalonza, mzaliwa wa Kongo aliyefanya huduma yake Kenya hadi alipofariki katika ajali ya barabarani mwaka 2007, alihubiri kwa wimbo katika nyumba ambazo hakuna shemasi aliyewahi kupiga hodi. Mama lishe anayewasha redio alfajiri kabla ya kuwasha jiko hangemsikia mwanamke akifafanua Neno kwa mamlaka kama ile katika parokia yake. Ukimwondolea muziki huu kwa hoja ya nidhamu, umemwondolea mhubiri wake. Kwa hiyo ninapolalamika kuhusu soko, sisemi tuirudishe kwaya ya 1985 na faini zake.

Nalalamikia kilichotokea kwenye mashairi. Wakosoaji husema nyimbo za leo zimejaa "mimi" na "maadui wangu", kana kwamba hilo peke yake ni kosa. Zaburi zimejaa vyote viwili. Mtunga zaburi analia, analalamika, anaomba meno ya waovu yavunjwe, na Kanisa limeyaimba hayo kwa karne nyingi. Tofauti iko kwa anayeambiwa. Mtunga zaburi anamwambia Mungu habari za adui. Katika sehemu kubwa ya nyimbo za injili za miaka hii ishirini, mwimbaji anamwambia adui habari za Mungu: uliyenicheka utaniona, uliyenifungia mlango utanikuta mezani, Bwana ameniinua na wewe ukiwa unatazama. Mungu amekuwa nafsi ya tatu, shahidi wa ugomvi wa mtaani.

Msikilizaji wa Kiswahili anaijua sanaa hiyo vizuri, kwa kuwa aliisikia kwenye mipasho. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, vikundi vya TOT na Muungano vilipokuwa vikitambiana kwa taarabu, mwanamke alijua wimbo upi wa kuutunza fedha ili jirani aliyekaa meza ya pili apate ujumbe. Leo ujumbe huo unakwenda kwa kipande cha sekunde thelathini cha wimbo wa injili kwenye stetasi ya WhatsApp, chenye picha ya aliyekiweka akiwa na gari jipya. Sina ugomvi na taarabu. Mipasho ni sanaa yenye akili nyingi, na inajua kuwa ni mipasho. Kinachomkwaza msikilizaji kanisani ni kijembe kilichovalishwa joho. Anakicheka, anakipeleka kwa mwingine, na Jumapili anapoombwa asimame akiimbe kama sala anajikuta mdomo mzito. Hapo ndipo penye shaka niliyoitaja mwanzoni. Katika kwaya yenye mchungaji na wazee, ubeti wa namna hiyo ungeulizwa: huyu adui ni nani, naye si mshirika wetu? Sokoni swali hilo halina wa kuliuliza, na ubeti huo ndio unaouza miito ya simu.

Kenya ilifika mbali zaidi kwa haraka. Wimbo wa Esther Wahome, Kuna Dawa, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulipigwa kwenye matatu na kumbi za starehe bila mtu kujali umetoka wapi. Baadaye vijana waliojenga majina yao kwenye injili, Willy Paul na Bahati wakiwa mfano, walihamia muziki wa kidunia, na mashabiki wakagawanyika kati ya waliojiona wamesalitiwa na waliosema kijana ana haki ya kuchagua kazi. Makundi yote mawili yalikuwa sahihi, kwa kuwa yalizungumzia mambo mawili tofauti. Aliyeondoka alikuwa na kazi, na kazi hubadilishwa. Waliosalitiwa walidhani ana wito, na hakuna chombo chochote kilichokuwa kimewahi kuuthibitisha wito huo isipokuwa tuzo na idadi ya watazamaji.

Kuna sehemu ya shaka ambayo hoja yangu haiifikii. Augustino wa Hippo, katika kitabu cha kumi cha Maungamo, anakiri kwamba nyakati nyingine alisisimuliwa na uimbaji kuliko na kinachoimbwa, na kila ilipotokea hivyo alijihesabu mkosaji. Alimkumbuka Athanasio wa Aleksandria, aliyetaka zaburi isomwe kwa mkunjo mdogo wa sauti kiasi cha kukaribia maneno ya kawaida, akaona huenda ndiyo salama zaidi. Kisha akakumbuka machozi aliyoyatoa kanisani siku za mwanzo za imani yake, akashindwa kuukataa wimbo. Askofu huyo wa Kiafrika wa karne ya nne hakuwa na Sony wala YouTube. Hofu yake ilikuwa ya raha yenyewe, na mwamini atakuwa nayo hata wimbo ukiimbwa na kwaya iliyo safi kuliko zote. Tusimdai mwanamuziki wa leo aponye jeraha ambalo Augustino alikufa nalo.

Kinachoweza kudaiwa ni kingine. Katika miaka ya karibuni limetokea wimbi la kurekodi nyimbo za kuabudu mbele ya umati, kwa namna iliyozoeleshwa na Joyous Celebration wa Afrika Kusini; ndilo wimbi la kina Joel Lwaga, Paul Clement, Zoravo na wenzao. Wazee wanalalamika kwamba maneno ni machache na yanarudiwa mno, wakisahau mapambio waliyoyaimba wao nusu saa nzima kwenye mikutano ya injili. Mimi naliona wimbi hili kwa matumaini zaidi kuliko lile la kabla yake, kwa sababu moja ya kiufundi. Nyimbo hizi zimetungwa zikimfikiria mtu wa benchi la nyuma: tuni haipandi mahali asipofika, ubeti haumtegemei mwimbaji kiongozi, na umeme ukikatika usharika unaendelea. Wimbo wa studio wa miaka ya 2000, wenye maneno ya kusema katikati na sauti iliyonyooshwa na programu, hufa papo hapo umeme ukienda, au humwacha mwimbaji ameshika kipaza sauti akisubiri jenereta. Way Maker ya Mnigeria Sinach, iliyotoka mwishoni mwa 2015, imeimbwa kwa Kiswahili makanisani kwetu kwa sababu hiyohiyo, na imeingia kwa njia ileile iliyoingiza nyimbo za Sankey.

Lakini kuimbika si kuwajibika, na wimbi hili nalo lina viingilio vyake, wadhamini wake na majina yake yaliyoandikwa kwa herufi kubwa. Makanisa yanapojaribu kushughulikia suala hili huunda kamati ya muziki, na kamati hukaa kujadili mavazi, sauti ya spika na aina za uchezaji, yaani kiuno tena. Sijaiona bado kamati inayomkalisha mtunzi chini na kumuuliza ubeti wake wa pili unamsemesha nani, wala inayompatia mwimbaji chipukizi mtu wa kumsomea mkataba kabla hajausaini. Kazi ya kwanza iliwahi kufanywa na mwalimu wa kwaya na mchungaji wake. Ya pili haijawahi kufanywa na mtu yeyote, na waimbaji kadhaa waliolaumiwa kwa kuuza injili walikuwa wameuzwa wao kwanza.