Nani Aliiongezea Nguvu Pikipiki ya Zagayu?

Wadau, ukisikia pikipiki inanguruma Zagayu alfajiri, usidhani kuna mtu anatafuta kiki. Nyuma kuna magunia ya pamba, au mgonjwa anawahishwa Bariadi. Kuongeza nguvu ya injini huku Simiyu ni habari ya mzigo, na walioifanya ni mafundi ambao majina yao hutayakuta popote.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1976 Honda walitoa CG125. Walishajua kwamba kwenye nchi kama zetu pikipiki inabebeshwa kupita uwezo na oili inabadilishwa mtu akikumbuka. Wakaunda injini ambayo valvu zake zinasukumwa na fimbo badala ya kuendeshwa na cheni. Nguvu za farasi kama 11 tu, mbio hakuna, ila kufa ilikuwa haitaki. Wachina wakaidaka, wakainakili, na ndiyo ukoo wa SanLG na ndugu zake waliojaa kwetu. Kanuni za mwaka 2010 zilipotambua pikipiki ya abiria kisheria, bodaboda ikawa ajira. Bariadi wakati huo bado ilikuwa Shinyanga, mkoa wa Simiyu ulizaliwa 2012.

Sasa weka hiyo 125 kwenye udongo mweusi wa mbuga, mvua imenyesha, abiria wawili na gunia. Inalia tu! Dereva anaenda kwa fundi: niongezee nguvu.

Njia yenyewe ilishaonyeshwa kiwandani. Panua silinda kutoka milimita 56.5 hadi 62, pistoni iendelee kusafiri milimita 49.5 zilezile, tayari una cc 150. Kwenye karatasi ni rahisi. Chini ya mwembe, mdomo wa injini lazima nao uchongwe ili silinda pana iingie, na kabureta ndogo inaifanya injini ikose mafuta, joto linapanda, pistoni inang'ata.

Ukivuka hapo, klachi inaanza kuteleza, maana sahani na springi zake zilipimwa kwa nguvu ndogo. Umebadilisha klachi? Cheni inarefuka, sproketi inaisha meno. Pistoni mpya ni nzito, inapiga beringi ya konrodi kila mzunguko. Na ukiivuta sana, springi za valvu zilizochoka haziwahi kufunga. Nguvu uliyoongeza inamtafuta aliye dhaifu kuliko wote, ikimmaliza inahamia kwa jirani. Mafundi walijifunza mpangilio huu kwa kufungua injini zilizokufa, hakuna aliyewapa kitabu. Kwangu mimi hao ni wahandisi, cheti au bila cheti.

Kitu kimoja ndicho kinanitisha: breki. Watu wanaongeza pistoni, klachi, kabureta, lakini dramu ya nyuma inabaki ya siku ile pikipiki inatoka kwenye boksi. Injini inavuta kwa cc 150, kusimama bado ni kwa 125, na mama mwenye mtoto mgongoni kakaa hapo nyuma hana habari.

Ndiyo maana fundi mzoefu hakimbilii silinda. Anauliza kwanza: unabeba nini, na njia gani? Ukimwambia pamba na matope, anakufungia sproketi ya nyuma yenye meno mengi zaidi. Mwendo unapungua, mvuto unaongezeka, injini haijaguswa. Vijana wanaondoka wamenuna.