Kabati Lenye Kufuli na Sanduku Linalotembea



Kamati ya Jamii iliponiomba niandike ukurasa wa historia katika toleo hili la kumbukumbu, wengi walidhani nitaeleza jinsi tulivyovuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996. Safari hiyo kila mzee hapa kambini anaisimulia vizuri kuliko mimi, kwani wakati ule nilikuwa na umri wa miaka 6 tu. Nimeona afadhali niandike juu ya maktaba. Sababu yangu ni kwamba Kamati itakaa hivi karibuni kuamua jambo moja: je, vitabu vya chumba chetu cha kusomea viruhusiwe kwenda majumbani, au viendelee kusomwa humo humo ndani kama ilivyo sasa?

Kwanza niseme ninakotoka katika jambo hili, ili msomaji asije akadhani sina upande. Mwaka 2003, nikiwa darasa la sita, shuleni kwetu lililetwa kabati la chuma lenye milango ya vioo, limejaa vitabu. Tulipiga makofi na kuimba. Kisha likafungwa kwa kufuli, na ufunguo ukakaa kwa mtumishi mmoja aliyekuwa akifika kambini mara mbili kwa wiki, siku nyingine asifike. Sisi watoto tukawa tunasoma migongo ya vitabu kupitia kioo. Nilijua kwa moyo majina ya vitabu 17 ambavyo sikuwahi kuvigusa. Lilipokuja kufunguliwa, mchwa walikuwa wamemaliza rafu ya chini. Ripoti iliyoandikwa ilisema hakuna kitabu hata kimoja kilichoibiwa. Ilikuwa kweli.

Swali la kufungia au kuazimisha si geni katika nchi hizi. Zamani za ukoloni maktaba zilikuwa za mijini, na si za kila mtu. Maktaba ya McMillan mjini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931, kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwaka 1948 likaanzishwa shirika lililoitwa East African Literature Bureau, makao yake Nairobi, kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kazi yake ilikuwa kuchapisha vitabu kwa Kiswahili na lugha nyingine za wenyeji, na pia kuvifikisha kwa wasomaji. Hapo ndipo ilipoonekana shida. Kuchapisha ni kazi moja, kufikisha ni nyingine, na msomaji alikuwa mwalimu au karani aliyekaa mamia ya maili kutoka Nairobi.

Wakatumia njia mbili. Ya kwanza ilikuwa sanduku: vitabu vilipangwa ndani ya sanduku, likapelekwa shuleni au kwenye jumba la maendeleo, na mtu wa hapo hapo akapewa dhamana ya kuazimisha. Ya pili ilikuwa posta. Msomaji aliweka amana, akatumiwa kitabu, akakisoma, akakirudisha, akatumiwa kingine. Fikirini, ndugu zangu: watu wa ofisi ya kikoloni, ambao hawakuwa na sifa ya kumwamini Mwafrika, walikubali kutia kitabu katika posta kwenda kwa mtu ambaye hawajawahi kumwona. Si kwamba walikuwa na huruma kubwa. Waliona tu kwamba kitabu kikibaki Nairobi hakina faida.

Mwaka 1960 mkutubi wa shirika hilo, Sidney Hockey, aliandika taarifa kwa serikali akipendekeza kila nchi iwe na bodi yake ya maktaba, yenye sheria na fedha zake. Tanganyika ilitunga sheria hiyo mwaka 1963, Uganda mwaka 1964, Kenya mwaka 1965. Mwezi Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam.

Lakini kwetu sisi tunaoishi mkoani, jambo lililo zito zaidi ni lile lililofuata vijijini. Wakati wa sensa ya mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania Bara walikuwa hawajui kusoma wala kuandika. Serikali ilianzisha kampeni ya kisomo, na mtihani wa taifa wa Agosti 1975 ulionyesha kwamba wasiojua kusoma wamepungua hadi asilimia 39. Wakuu wa elimu ya watu wazima walitambua hatari ambayo sisi walimu tunaijua sana: mtu akijifunza kusoma na asipate kitu cha kusoma, baada ya muda anarudi pale pale alipokuwa. Kwa hiyo zikaanzishwa maktaba za vijijini, nyingi zikiwa ni rafu moja katika darasa au ofisi ya kijiji, chini ya mtu wa kijiji hicho. Mwaka 1974 mjini Mwanza likaanza pia gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, kwa ajili ya wasomaji hao wapya. Nchi rafiki kama Sweden na shirika la UNESCO zilisaidia kazi hii ya elimu ya watu wazima.

Baadaye hali ikawa ngumu. Bei ya mafuta ilipanda, kukawa na vita dhidi ya Idi Amin mwaka 1978 na 1979, na miaka ya 1980 karatasi ikawa adimu kama sukari. Vitabu vya maktaba za vijijini vikachakaa bila vingine kuja. Rafu inayoazimisha isipopata vitabu vipya nayo hugeuka kabati, ingawa haina kufuli. Wenzetu wa mashirika naomba walitazame hili hasa.

Katika uhaba huo misaada ya vitabu kutoka nje ilizidi kutegemewa. Shirika la Uingereza linaloitwa sasa Book Aid International lilianza mwaka 1954 kwa jina la Ranfurly Library Service, likikusanya vitabu vilivyokwisha kutumika; tangu mwaka 1994 lina jina hili la sasa, na vitabu vinavyotoka kwa wachapishaji vikiwa vipya vimechukua nafasi ya vile vikuukuu. Badiliko hilo lina maana. Sisi wenyewe tuliwahi kupokea katoni kutoka kwa wafadhili fulani tukakuta humo kitabu cha kutunza bustani wakati wa theluji. Watoto wetu wanasoma kwa mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa. Nyumbani na sokoni ni Kiswahili na Kibembe. Atakayetuletea vitabu na aulize kwanza.

Mwaka ule ule wa 1996 tulipovuka ziwa, Shirika la Maktaba la Kenya lilianzisha huko Garissa maktaba inayobebwa na ngamia. Walianza na ngamia watatu. Gari huzama katika mchanga wa kule, na wafugaji wanahama na mifugo yao, kwa hiyo hakuna mahali pa kujenga jengo ambapo watu watakuwepo mwakani. Mmoja alibeba masanduku ya vitabu, mwingine hema na mikeka. Walipofika, hema lilisimamishwa, watu wakaketi wakasoma, wakaazima, na msafara ukaondoka mpaka zamu nyingine. Wale walikuwa watu wasio na anwani kabisa, na bado waliazimishwa.

Hata kambini jambo hili limekwisha jaribiwa. Mwaka 2014 shirika la Kifaransa Bibliothèques Sans Frontières, pamoja na UNHCR, lilifungua maktaba za masanduku katika kambi za ndugu zetu Wakongo nchini Burundi. Ziliitwa Ideas Box: vitabu, kompyuta na vyombo vya sinema, vyote vikifungwa na kusafirishwa, kisha vikifunguliwa kwa muda wa kama dakika 20. Mimi sijaliona sanduku hilo kwa macho. Nalipenda wazo lake, ila naogopa chombo ambacho kikiharibika fundi wake hayupo mkoani.

Wazee wawili wa Kamati wameniambia hoja yao waziwazi: watu wanarudi nyumbani, kila safari ya kurejea itaondoka na vitabu. Hoja hiyo naiheshimu. Nawakumbusha tu wakimbizi wa Afrika Kusini waliokaa Mazimbu, Morogoro, ambako chama cha ANC kilijenga Chuo cha Solomon Mahlangu kilichoanza mwaka 1978. Walipokuwa wanarudi kwao, mwaka 1992, majengo walikabidhi kwa Tanzania, na leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Kumbukumbu za chuo zilikwenda kwao, Chuo Kikuu cha Fort Hare. Mambo hayo yalipangwa wakati wa kuondoka. Hayakuwa sababu ya kufunga milango walipokuwa bado wanaishi. Na mtoto akirudi Fizi au Uvira na kitabu kimoja begani, mimi siwezi kuuita huo wizi kwa moyo mweupe. Kule nako kuna watu wasio na cha kusoma.

Tangu muhula uliopita sisi walimu watatu tumekuwa tukipeleka sanduku katika mitaa miwili, kwa vitabu vyetu wenyewe na vya marafiki. Fundi alilitengeneza kwa mbao za kitanda kilichovunjika. Lina vitabu 38, rejesta, na penseli iliyofungwa kwa uzi. Vitabu 4 havijarudi. Kimoja tunajua kilipo, yuko nacho mama mmoja anayejifunza kusoma jioni pamoja na binti yake, naye ameomba aongezewe wiki. Kimoja kilirudi bila jalada, nacho tumekwisha kukishona.

Rejesta hiyo nitaileta kikaoni. Wenyeviti wa mitaa wanaotaka kuikagua kabla ya siku hiyo wanaweza kunipata katika chumba cha walimu baada ya masomo ya asubuhi, kila siku isipokuwa siku ya posho.