Wanandoa na uchaguzi wa mji wa kuishi Marekani: Mambo ya kupima kabla ya kuhama

Na Mwandishi Wetu

KUHAMA kutoka mji mmoja kwenda mwingine ni jambo la kawaida nchini Marekani. Hata hivyo, kwa mume na mke uamuzi huo una uzito wa pekee, kwa kuwa mji mmoja hulazimika kuwafaa watu wawili wenye kazi, afya na matarajio tofauti.

Takwimu za Ofisi ya Sensa ya nchi hiyo zinaonesha kwamba mwishoni mwa miaka ya 1940, takriban mtu mmoja kati ya watano alibadili makazi kila mwaka. Ilipofika mwaka 2019, kiwango hicho kilikuwa kimeshuka hadi chini ya mtu mmoja kati ya kumi. Miongoni mwa sababu zinazotajwa ni kuongezeka kwa umri wa wananchi na kukua kwa idadi ya familia zinazotegemea mishahara miwili.

Kila mwaka magazeti na majarida ya Marekani huchapisha orodha za miji bora ya kuishi. Orodha hizo husaidia, lakini hujibu swali la mtu mmoja. Swali la wanandoa ni jingine: Ni mji upi ambao hautamlazimu mmoja wao kulipia mafanikio ya mwenzake?

Makala haya yanawahusu hasa wale ambao tayari wana haki ya kuishi Marekani, wakiwamo wenye asili ya Afrika Mashariki na Kati, kwa sababu sera za viza zimekuwa zikibadilika mara kwa mara.

Kazi mbili, mji mmoja

Mwaka 1978 mchumi Jacob Mincer alichapisha utafiti kuhusu uamuzi wa familia kuhama. Alieleza kwamba familia huhama pale faida ya jumla inapozidi hasara ya jumla, hata kama mmoja wao anapoteza. Huyo anayefuata mwenzake kwa hasara yake mwenyewe alimtazama kama mhamaji aliyefungwa na ndoa. Kadhalika, yupo anayebaki mahali pasipomfaa kwa sababu mwenzake hawezi kuondoka.

Mfano wake ni rahisi. Mume mhandisi anapata nyongeza kubwa ya mshahara katika mji mdogo wenye kiwanda kimoja, na mkewe mhasibu anaacha kazi aliyoijenga kwa miaka kumi. Kwa hesabu ya nyumba nzima wameongeza kipato. Kwa hesabu ya mke, amerudi mwanzo. Iwapo kiwanda kitafungwa, wote wawili watakuwa hawana kazi kwa siku moja.

Ndiyo maana miji mikubwa huwavutia wanandoa wasomi. Utafiti wa Dora Costa na Matthew Kahn, uliochapishwa mwaka 2000, ulionesha kuwa asilimia 32 ya wanandoa ambao wote wawili wana shahada waliishi katika maeneo makubwa ya miji mwaka 1940. Mwaka 1990 kiwango hicho kilifikia asilimia 50. Watafiti hao waliona kuwa ugumu wa kupata kazi mbili zinazofaa mahali pamoja ulichangia sana.

Mwaka 2007, Janice Compton na Robert Pollak walitoa maelezo tofauti. Walisema wasomi wengi huhamia miji mikubwa wakiwa bado hawajaoa wala kuolewa, na hukutana humo humo. Kwa maelezo yoyote kati ya hayo, funzo kwa anayetaka kuhama ni kwamba mji wenye waajiri wengi wa aina mbalimbali humpa kila mmoja nafasi ya pili.

Leseni na viza

Jambo linalosahaulika ni kwamba leseni nyingi za taaluma hutolewa na jimbo, si serikali kuu. Mwalimu, mwanasheria au msusi anayehama jimbo anaweza kulazimika kuomba leseni upya. Kwa wauguzi upo mkataba unaowaruhusu kufanya kazi katika majimbo wanachama kwa leseni moja, lakini si majimbo yote yaliyojiunga.

Kwa wenye viza za muda, suala hilo ni zito zaidi. Mwenza wa mwanafunzi, mwenye viza ya F-2, haruhusiwi kuajiriwa. Mwenza wa mwenye viza ya kazi ya H-1B huingia kwa viza ya H-4, ambayo kwa kawaida haimpi haki ya kufanya kazi, ingawa kanuni ya mwaka 2015 iliwafungulia mlango baadhi yao. Kwa familia ya namna hiyo, mji unapaswa kupimwa kwa mshahara mmoja, si miwili.

Raia wasio Wamarekani, wakiwamo wenye kadi ya kijani, wanaweza kuhamia jimbo lolote, lakini kwa ujumla wanatakiwa kuiarifu Idara ya Uhamiaji anwani yao mpya ndani ya siku 10.

Mshahara si mapato

Mshahara mkubwa wa mji mmoja unaweza kuwa mdogo ukishafika mezani. Kipimo kinachotumiwa na mamlaka za makazi nchini humo ni kwamba familia inayotumia zaidi ya asilimia 30 ya mapato yake kwa nyumba imeelemewa.

Kodi nazo hutofautiana. Majimbo kama Texas, Florida na Tennessee hayatozi kodi ya mapato ya mshahara. Hata hivyo, Texas hufidia pengo hilo kwa kodi kubwa ya majengo, ambayo mpangaji pia huilipa ndani ya pango lake bila kuiona.

Kwa upande mwingine, ipo miji inayotoza kodi yake yenyewe juu ya ile ya jimbo. Mkazi wa Pittsburgh hulipa asilimia 3 ya kipato cha kazi yake kwa jiji na shule, mbali na asilimia 3.07 ya jimbo la Pennsylvania. Jiji la Columbus, Ohio, hutoza asilimia 2.5.

Bima ya afya ni mtego mwingine. Wamarekani wengi walio chini ya miaka 65 huipata kupitia mwajiri. Wanandoa wanaoacha kazi siku moja hupoteza bima siku zinazokaribiana. Sheria huwaruhusu wafanyakazi wengi kuendelea na bima ya mwajiri wa zamani hadi miezi 18, lakini kwa kulipa gharama zote wenyewe. Ni busara mmoja atangulie kupata kazi yenye bima kabla ya mwingine kuaga.

Sheria ya mali ya ndoa

Kuvuka mpaka wa jimbo ni kuingia chini ya sheria nyingine ya ndoa. Majimbo tisa, ambayo ni Arizona, California, Idaho, Louisiana, Nevada, New Mexico, Texas, Washington na Wisconsin, huhesabu mali nyingi inayochumwa ndani ya ndoa kuwa ya wote wawili. Katika majimbo mengi yaliyobaki, mahakama huigawa kwa kile inachoona ni haki, na si lazima iwe nusu kwa nusu.

Wanandoa wachache hupenda kulizungumzia suala hilo wanapofunga mizigo. Lakini aliyeacha kazi ili kumfuata mwenzake ndiye mwenye sababu kubwa ya kulifahamu.

Vilevile, jina la nani limo katika mkataba wa pango na mikopo si jambo dogo. Nchini Marekani rekodi ya ulipaji madeni ni ya mtu binafsi, si ya ndoa. Mke ambaye jina lake halimo popote anaweza kukaa miaka mitano bila kuwa na rekodi inayomwezesha kukopa hata gari.

Miji minne kwa mizani

Houston, Texas, ilikuwa na wakazi 2,304,580 katika sensa ya mwaka 2020. Ina sekta ya mafuta na gesi, kituo cha anga cha NASA na mkusanyiko mkubwa wa hospitali, hivyo muuguzi na mhandisi wanaweza kupata kazi katika mji huo huo. Dosari zake ni joto, umbali na maji. Kimbunga Harvey cha Agosti 2017 kilifurika maelfu ya nyumba, na bima ya kawaida ya nyumba nchini humo haifidii mafuriko; bima yake hununuliwa peke yake.

Minneapolis, Minnesota, yenye wakazi 429,954, imepakana na St. Paul, na miji hiyo pacha huunda soko moja pana la ajira. Katikati ya mji majengo yameunganishwa kwa njia za juu zilizofunikwa, kwa kuwa baridi ya Januari hushuka mbali chini ya nyuzi sifuri.

Seattle, Washington, yenye wakazi 737,015, ina kampuni kubwa za teknolojia, na jimbo halikati kodi ya mapato katika mishahara ya kawaida. Nyumba, hata hivyo, ni ghali mno. Mzaliwa wa ikweta aliyezoea jua la saa 12 atashangaa pia kuona Desemba jua likizama saa kumi na dakika ishirini jioni.

Pittsburgh ilikuwa na wakazi 676,806 mwaka 1950 na imebaki na 302,971 mwaka 2020, baada ya viwanda vya chuma kuporomoka. Leo inategemea hospitali na vyuo vikuu, na nyumba zake ni nafuu zikilinganishwa na za miji ya pwani. Kasoro ni kwamba soko la ajira ni dogo: nje ya tiba, elimu na teknolojia, nafasi ya pili ni adimu.

Usafiri na jamaa

Nje ya New York na miji michache, maisha bila gari ni magumu. Columbus, yenye wakazi zaidi ya 900,000, haina treni ya abiria. Kwa wanandoa maana yake mara nyingi ni magari mawili, bima mbili na mafuta mara mbili. Gharama hiyo inaweza kumeza unafuu wote wa pango.

Jambo lisilopimika kwa dola ni watu. Wakongomani wengi wanaozungumza Kiswahili, baadhi wakiwa wamepitia kambi za Nyarugusu na Kakuma, wamepata makazi katika miji kama Louisville na Boise. Wakenya wana jumuiya kubwa Dallas na katika eneo la Minneapolis. Mama anayejifungua Februari akiwa na theluji mlangoni atajua thamani ya jirani anayeweza kumpikia uji.

Namna ya kuamua

Njia inayofaa ni kila mmoja kuandika orodha yake peke yake kabla ya mazungumzo: mambo asiyoweza kuyakosa, anayoyapenda, na asiyoweza kuyavumilia. Wakikaa pamoja, mji wowote uliomo katika safu ya tatu ya mmoja wao uondolewe, hata kama ni chaguo la kwanza la mwingine.

Hatua ya pili ni kuutembelea mji katika msimu wake mbaya zaidi: Houston Agosti, Minneapolis Januari, Seattle Desemba. Hatua ya tatu ni kupanga kwa mwaka mmoja kabla ya kufikiria kununua nyumba.

Hatua ya mwisho ni kukubaliana mapema siku ya kujitathmini, tuseme baada ya miezi 18, na zamu ya nani itafuata iwapo watahama tena. Aliyefuata safari ya kwanza ndiye anayestahili sauti ya kwanza katika safari ya pili.