Kazi ya Mikono ya Akina Mama: Historia ya Mablanketi ya Viraka

Utangulizi

Katika sura ya tisa ya kitabu cha Matendo ya Mitume tunasoma habari za Dorkasi, mwanafunzi wa Yafa. Mtume Petro alipofika katika chumba cha juu alimolazwa marehemu, wajane walimzunguka wakilia, wakamwonyesha kanzu na mavazi aliyowashonea alipokuwa hai. Mwinjili Luka hakutuachia hotuba hata moja ya mama huyo. Alituachia nguo zake tu, nazo zilitosha kuwa ushuhuda.

Msomaji wa kitabu hiki cha Jubilei amekwisha kupitia sura zinazowataja wachungaji, wainjilisti, wazee wa kanisa na mafundi waliojenga kanisa letu. Kamati ya historia ilipopitia daftari za kumbukumbu za vikao, ilikuta kwamba mabati, saruji na misumari vimeandikwa kwa hesabu kamili, lakini kazi ya sindano ya akina mama imetajwa mara chache sana, na mara nyingi kwa maneno mawili tu: "akina mama walisaidia". Sura hii imeandikwa ili kulipa sehemu ya deni hilo. Inaeleza habari za blanketi la viraka, ambalo wazee wa pwani huliita mfarishi: lilitoka wapi, lilitufikiaje, na jinsi lilivyokuwa kazi yetu wenyewe.

Vyama vya kushona vya Wasweden

Mizizi ya habari hii iko mbali. Katika miaka ya 1840, huko Sweden, wanawake Wakristo walianza kukutana majumbani ili kushona, kufuma na kusikiliza barua za wamisionari zikisomwa kwa sauti. Vitu walivyovitengeneza viliuzwa kwa mnada, na fedha ikapelekwa katika kazi ya misioni na katika kuwatunza maskini. Miongoni mwa waanzilishi alikuwemo mama mjane wa jimbo la Småland, Emelie Petersen, ambaye watu walimwita Bibi wa Herrestad. Wakati huo mwanamke hakuruhusiwa kuhubiri kanisani. Lakini fedha iliyotokana na sindano yake ilikuwa mkononi mwake, na kwa hiyo neno lake lilisikilizwa.

Wasweden waliohamia Marekani walikwenda na desturi hiyo. Mwaka 1860 waliunda Sinodi ya Augustana, na mwaka 1892, katika mji wa Lindsborg, jimbo la Kansas, Emmy Evald na wenzake waliunda Chama cha Misioni cha Wanawake cha sinodi hiyo. Emmy Evald alikiongoza hadi mwaka 1935. Senti zilizokusanywa katika vikundi vya sharika ziligharimia wamisionari wanawake, shule na hospitali katika nchi nyingi.

Hapo ndipo habari hii inapoungana na yetu. Mwaka 1920 wamisionari Wajerumani walikuwa wameondolewa Tanganyika kutokana na Vita Kuu ya Kwanza. Katika miaka ya 1920 Augustana ilipokea kazi ambayo Misioni ya Leipzig ilikuwa imeianza Iramba kabla ya vita, ikaiendeleza katika nchi ya Iramba na Turu. Usharika wetu ni tunda la miaka hiyo. Tunapolishukuru jina la Bwana kwa ajili ya wamisionari waliohubiri chini ya mti, ni haki tuwakumbuke pia akina mama wa mbali ambao hawakuuona mti huo, lakini walishona usiku ili mhubiri apate nauli.

Kitambaa kilichotangulia Injili

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba kitambaa cha Marekani kilifika kwetu pamoja na misioni. Kilitangulia. Tangu miaka ya 1830 merikebu za wafanyabiashara wa Salem, jimbo la Massachusetts, zilileta Zanzibar majora ya pamba ngumu isiyopaushwa. Watu waliyaita merikani, na jina hilo likabaki. Misafara iliyapeleka bara hadi Unyamwezi na mbele zaidi, yakapimwa kwa mkono na kwa doti, yakawa kama fedha ya kulipia chakula na hongo za njiani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865 vilipokatiza biashara hiyo, vitambaa vya India vikachukua nafasi kubwa.

Kwa hiyo bibi zetu walilijua jina la Marekani kwa kulivaa kabla ya kulisikia katika ibada. Kitambaa cha kwanza kilikuja kwa biashara, nacho kilikwenda sambamba na misafara ya pembe na ya watumwa. Kitambaa cha pili, tutakachokieleza sasa, kilikuja kwa njia nyingine.

Mablanketi ya msaada

Mwaka 1945, Ulaya ikiwa magofu, makanisa ya Kilutheri ya Marekani yaliunda shirika la misaada liitwalo Lutheran World Relief. Washarika walikusanya nguo na chakula kwa ajili ya waliopoteza makazi. Katika miaka iliyofuata, blanketi la viraka likawa alama ya shirika hilo. Akina mama, wengi wao wazee, hukutana siku moja ya juma katika ukumbi wa kanisa, wakaunganisha vipande vya magauni, mapazia na mashuka yaliyochakaa. Kabla ya kufungwa katika maboksi, mablanketi hayo hutandazwa juu ya viti vya kanisa siku ya Jumapili, yakaombewa. Ibada hiyo ndiyo maonyesho yao. Kuna miaka ambayo shirika lilituma mamia ya maelfu ya mablanketi katika mabara mbalimbali, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoyapokea.

Kipimo chake ni cha kudumu: upana inchi 60 na urefu inchi 80. Ukubwa huo unamfunika mtu mzima au watoto wawili. Mchana linaweza kuwa mkeka, pazia la kugawia chumba, mbeleko au mfuko wa kubebea vitu safarini. Washonaji huombwa wasiweke bendera, alama za kijeshi wala alama za dini, kwa sababu hawajui litakwenda kwa nani. Huo ni ukarimu wenye adabu: mtoaji hamdai mpokeaji awe wa dini yake.

Nchi yetu ilikuwa na haja. Mwaka 1964, kwa makubaliano ya Serikali, Umoja wa Mataifa na Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni, iliundwa TCRS, huduma ya Kikristo ya wakimbizi, ili kuwatunza waliokimbia Rwanda, Msumbiji na, baadaye, Burundi. Miaka 30 baada ya hapo, mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa takribani siku moja. Mtu anayelala nje usiku wa mvua haulizi kiraka hiki kilikatwa kutoka gauni la nani.

Kufumua ili kujifunza

Kundi la washonaji la usharika wetu lilianza kwa blanketi moja lililochakaa. Mama mmoja alilipata, akalitumia kwa miaka mingi katika baridi ya Juni na Julai, hadi pindo zake zikachanika. Badala ya kulitupa, alilileta katika kikao cha Umoja wa Wanawake, na akina mama wakalifumua polepole mshono kwa mshono ili waone lilivyojengwa. Ndani walikuta blanketi jingine kuukuu likiwa limetumika kama ujazo. Halikuwa na jina la mshonaji. Mmoja wao alisema, "Kumbe nao hushonea vitu vilivyochakaa!" Kwa miaka mingi tulidhani kwamba anayetoa hutoa katika wingi wake. Siku hiyo tulijifunza kwamba wapo wanaotoa kwa kutunza kilichobaki, na kwamba hata sisi tunaweza kutoa.

Vifaa havikuwa mbali. Mafundi cherehani wa sokoni walikuwa wakifagia vipande vya vitenge kila jioni na kuvichoma. Akina mama waliomba vipande hivyo, wakapewa bure. Ujazo ulitokana na mablanketi makuukuu, na bitana ikatokana na mashuka.

Maonyesho na mnada

Katika Sikukuu ya Mavuno, kuku, mahindi na alizeti vinaponadiwa baada ya ibada, mablanketi yalitandazwa kwa mara ya kwanza juu ya viti vya mbele. Washarika walisimama kuyatazama, kila mmoja akitafuta kiraka anachokifahamu: huyu aliona kitenge cha harusi ya binti yake, yule akaona sare ya kwaya iliyokwisha kuachwa. Mnada ulipofika, mablanketi yaliuzwa kwa bei ambayo hakuna aliyeitarajia.

Furaha hiyo ilizaa mgogoro, na si vema historia iufiche. Baadhi ya viongozi walitaka fedha yote iingie katika mfuko wa ujenzi. Baadhi ya washonaji walitaka kila blanketi liuzwe, kwa kuwa sasa lina bei. Bibi mmoja aliyekuwa mkubwa wa kundi alikataa mambo yote mawili. Alisema kwamba tukiuza yote, wajane wetu wataendelea kungoja blanketi kutoka ng'ambo huku wamekaa jirani na washonaji. Na tukigawa yote, mwakani hatutakuwa na uzi. Baada ya vikao vitatu ilikubaliwa hivi: kati ya kila mablanketi mawili, moja linauzwa na jingine linatolewa bila malipo kwa mzee anayeishi peke yake, mama aliyejifungua au familia iliyounguliwa na nyumba. Fedha ya mauzo hununua vifaa kwanza, na ziada ndiyo huingia katika mfuko wa usharika. Utaratibu huo umedumu.

Maarifa ya kazi

Kwa kuwa baadhi ya wageni wetu wametoka katika sharika zenye nia ya kuanzisha makundi kama hili, tunaandika hapa machache tuliyojifunza.

Kwanza, kila kitambaa kifuliwe kabla ya kukatwa. Blanketi letu la pili liliharibika kwa sababu kipande cha kanga nyekundu kilichuja rangi na kuchafua viraka vyote vya jirani. Anayetaka kujua kama rangi inachuja na asugue kwa kitambaa cheupe chenye maji.

Pili, vitambaa vya uzito mmoja viwekwe pamoja. Kitambaa chepesi kikiunganishwa na jinzi, kile chepesi huchanika kwanza.

Tatu, vipande vikatwe kwa kipimo kimoja cha boksi gumu, si kwa kukadiria. Mraba wa inchi 10 na nusu, ukishonwa kwa kuacha robo inchi kila upande, hubaki inchi 10. Miraba 6 kwa upana na 8 kwa urefu, yaani 48, hutoa inchi 60 kwa 80. Shona safu moja moja, kisha unganisha safu, ukipiga pasi kila mshono.

Nne, viraka vipangwe sakafuni kabla ya kushonwa, na mpangaji asimame mbali avitazame. Rangi nzito zisirundikwe upande mmoja.

Tano, bitana, ujazo na uso wa viraka vipigwe bandi kuanzia katikati kwenda pembeni. Anayeanza pembeni hukusanya mikunjo katikati. Kisha tabaka tatu zifungwe kwa uzi mnene wa pamba, vifundo viwili viwili, kila baada ya inchi 6 hivi, ili ujazo usihame linapofuliwa. Mwisho, bitana iliyozidi ikunjwe kuja mbele iwe pindo.

Hitimisho

Tunapoandika haya, washonaji wengi wa mwanzo wameitwa na Bwana au macho yao hayaoni tena tundu la sindano. Wasichana wetu ni wasomi, nao tunajivunia. Lakini ni wachache wanaokuja Jumatano mchana. Kundi likifa, hakitakachopotea ni blanketi, maana mablanketi yako madukani. Kitakachopotea ni ule utaratibu ambao mjane hakuwahi kusubiri meli ili afunikwe. Kwa hiyo tunawasihi wazazi wamlete kila kipaimara, wa kiume na wa kike, ashone japo kiraka kimoja kabla ya siku yake ya kubarikiwa.

Katika ibada ya Jubilei blanketi lililofumuliwa, likiwa limeshonwa upya, litatandazwa mbele ya madhabahu. Wageni wetu watakapolitazama, wakumbuke kwamba nusu ya viraka vyake vilikatwa ng'ambo na nusu vimetoka katika soko letu, na kwamba washonaji wa pande zote mbili hawajulikani kwa majina. Mungu anawajua. Sifa na utukufu ni vyake, leo na katika miaka mia ijayo. Amina.