Mtu wa Kumi: Vijana Walioinua Sinagogi la Nabugoye

Nje kidogo ya mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda, kuna kilima kinaitwa Nabugoye. Juu yake kuna sinagogi, yaani nyumba ya ibada ya Wayahudi. Wengi wakisikia hivyo huuliza: ni wageni kutoka Israeli? Hapana. Ni wakulima wa hapo hapo, wana kahawa na ndizi zao, na sala zao nyingi ni za Luganda. Wanaitwa Abayudaya, ambalo ni neno la Luganda tu la kusema Wayahudi. Ninaandika habari zao kwa sababu dini yao ilikaribia kufa kabisa, na walioifufua walikuwa vijana.

Chanzo chake ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuiteka mashariki ya Uganda. Alitegemea watamfanya mfalme huko. Hawakumfanya. Akajitenga, akaingia kwa Wamalaki, dhehebu lililokataa dawa za hospitali na kushika Jumamosi. Lakini aliendelea kusoma Biblia mwenyewe, na alipofika Agano la Kale akabaki hapo. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe. Inasimuliwa kwamba wenzake walimwonya kuwa hayo ni mambo ya Wayahudi, naye akawajibu basi, sisi ni Wayahudi. Mwaka 1922 akatoa kitabu cha sheria na sala kwa Luganda. Alifariki 1928.

(Kuna wanaochanganya habari hii na ule mpango wa 1903, Waingereza walipotaka kuwapa Wayahudi waliokuwa wakiuawa Urusi ardhi ya "Uganda". Ardhi yenyewe ilikuwa Uasin Gishu, ambayo leo iko Kenya, na mwaka 1905 Wayahudi wenyewe waliukataa. Wenyeji wa Uasin Gishu hakuna aliyewauliza. Sisi wa kambini habari ya kupangiwa ardhi tunaijua.)

Kisha akaja Idi Amin, 1971 hadi 1979. Dini ya Kiyahudi ikapigwa marufuku na masinagogi yakafungwa. Watu wakawa wanasali kwa kujificha, na wengi wakahamia Ukristo au Uislamu ili waishi. Jumuiya iliyokuwa na watu kama 3,000 ikabaki na kama 300. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku hiyo ndipo Pasaka ya Wayahudi ilipoanza mwaka ule. Abayudaya hawajasahau mpaka leo.

Sasa fikiria mtoto aliyekua katika miaka ile. Sabato kwake ni kitu cha kunong'ona. Wazee wamezoea kunyamaza, na siwezi kuwalaumu, maana aliyewahi kuwindwa hajitangazi haraka. Huyo kijana utamwambiaje aje sinagogini, wakati jirani zake wote ni Wakristo na Waislamu, na shuleni anabanwa abadili dini?

Hakuna aliyemwambia. Vijana walijikusanya wenyewe. Katika miaka ya 1980 walianzisha klabu yao, na kuelekea mwisho wa miaka hiyo baadhi yao wakahama nyumbani wakaenda kuishi pamoja Nabugoye, kwenye ardhi iliyokuwa ya Kakungulu. Waliita mahali pale kibutsi, kwa kuiga mashamba ya ushirika ya Israeli. Miongoni mwao walikuwa Gershom Sizomu, mjukuu wa mzee Samson Mugombe aliyeilinda jumuiya miaka ya hatari, na Joab Jonadab Keki, ambaye wengi humwita JJ. Walilima, wakafyatua matofali, wakakusanya pesa ya kujengea sinagogi. Jioni wanajifunza. Kiebrania walikipata kwa shida, lakini sala za Luganda wazee walikuwa nazo kichwani, kwa hiyo kijana alilazimika kwenda kukaa na mzee. Na muziki! Walichukua Zaburi wakazitungia sauti zao wenyewe, zenye mdundo wa huku kwetu. Mwaka 2003 nyimbo za jumuiya hii zilitolewa Marekani kwenye albamu, ikapendekezwa kwa tuzo ya Grammy.

Kuna sheria moja ya Kiyahudi ambayo nadhani inaeleza mengi. Sala kamili ya jumuiya inahitaji watu wazima kumi. Kwa desturi ya zamani ni wanaume. Siku hizi jumuiya nyingi, na Nabugoye pia, wanahesabu na wanawake. Na mtu mzima ni nani? Mvulana akifika miaka 13 anahesabiwa. Wakiwa tisa tu, Torati haisomwi mbele ya watu mpaka huyo wa kumi aingie. Sasa katika jumuiya ya watu 300 waliotawanyika vijijini, mtoto wa miaka 13 anayejua kusoma si mtu wa kupanga viti. Asipokuja, ibada inapungua kweli.

Nafanya kazi na vijana hapa kambini, na hapo ndipo naona tofauti. Sisi tunamwita kijana kwenye mafunzo, anaandika jina kwenye karatasi, anapewa soda, anapigwa picha. Mara ya tatu haji, halafu tunasema eti vijana wa siku hizi ni wavivu. Hata makanisani na misikitini kwetu ni hivyo hivyo: kijana abebe vyombo vya muziki, lakini kitabu kinabaki kwa mzee. Ndugu zetu wa mashirika, angalieni mpangilio wa Nabugoye: matofali yalitangulia, wafadhili walifuata. Wanafunzi wa Kimarekani waliokuwa Kenya walifika huko 1992, na ujumbe mkubwa zaidi kutoka Marekani ukaja 1995. Walikuta watu wanasali tayari.

Baada ya hapo mambo yalienda haraka. Mwaka 2002 marabi wa nje walikuja kuwapokea rasmi mamia ya Abayudaya, ingawa wapo Wayahudi duniani ambao hadi leo hawawatambui. Zilijengwa shule, ya msingi ya Hadassah na sekondari yenye jina la Semei Kakungulu, ambako Myahudi, Mwislamu na Mkristo wanakaa dawati moja, na hakuna anayemlazimisha mtoto kuandika mtihani siku ya Sabato. JJ alianzisha ushirika wa kahawa mwaka 2004 pamoja na majirani wa dini zote tatu.

Sizomu alikwenda Los Angeles kusomea urabi, akamaliza 2008. Angeweza kubaki. Alirudi Nabugoye kufundisha, na vijana waliomkalia darasani hawakuwahi kumwona Amin.