Lugha ya Mgongoni na Lugha ya Darasani: Historia ya Upataji wa Lugha ya Kwanza Njombe na Makambako

Utangulizi

Fasihi ya isimusaikolojia imezoea kueleza upataji wa lugha ya kwanza kama safari isiyo na tarehe. Mtoto huanza kubwabwaja kati ya mwezi wa 6 na wa 10, hutamka neno lake la kwanza anapokaribia mwaka mmoja, na huunganisha maneno mawili kati ya mwezi wa 18 na wa 24. Akitimiza miaka mitatu, hata mgeni aliyepita uani humwelewa sehemu kubwa ya maneno yake. Mpangilio huu umeonekana katika lugha nyingi zilizochunguzwa, na hakuna sababu ya kudhani kwamba mtoto wa Njombe anaukiuka.

Hata hivyo, hatua hizo hupitiwa katika lugha fulani, kwa kuwasikiliza watu fulani, na hao wana historia. Makala hii inadai kwamba Njombe na Makambako lugha anayoanza nayo mtoto imebadilika katika muda wa vizazi vitatu hivi, na kwamba mlango mkuu wa mabadiliko hayo haukuwa baba wala mama, bali kaka na dada waliorudi nyumbani kutoka shule. Anayepima usemi wa mtoto wa huko bila kuijua historia hiyo atakosea kwa namna mbili zinazopingana: ataona kasoro pasipo na kasoro, au ataipita kasoro ya kweli akidhani ni Kibena tu.

Lugha ya mgongoni

Kibena, ambacho wenyewe hukiita Hibena na ambacho Guthrie alikipa msimbo G63, kinapakana na Kihehe, Kisangu, Kikinga na Kipangwa. Wamisionari wa Kilutheri wa Berlin, walioingia Ubena mwishoni mwa karne ya 19, walikitumia katika ibada na mafundisho, na maandishi ya kwanza ya lugha hiyo yanatokana na kazi yao. Maandishi hayo ni ya mtu mzima kumsemesha mtu mzima. Mtoto mchanga huonekana humo kama jina la ubatizo tu, si kama msemaji. Mwanahistoria wa lugha ya watoto analazimika kuanzia mahali pengine, yaani katika mpangilio wa malezi: nani alimbeba mtoto, saa ngapi, na alizungumza naye kwa lugha ipi.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 majibu yalikuwa wazi kiasi. Wanaume wengi wa Njombe waliondoka kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, wengine kwa miaka mingi. Waliobaki ni wanawake, wazee na watoto. Mtoto alikaa mgongoni kwa mama, karibu na moto wa jikoni kwa bibi (baridi ya Njombe, mji ulio mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, haimruhusu mtu kukaa mbali na moto), na mchana alikuwa mgongoni kwa dada aliyemzidi miaka sita au saba. Wote hao walisema Kibena. Kiswahili kilikuwa lugha ya waliokwenda na kurudi, yaani lugha ya mshahara, ya karani na ya barua. James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu historia ya watu wa Njombe, anaonyesha namna walivyoifanya familia kuwa kimbilio dhidi ya dola iliyowatenga. Hoja hiyo inaweza kusogezwa mbele kidogo kuliko alivyoifikisha yeye: kimbilio hilo lilikuwa na lugha yake, na lugha hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kwa mtoto.

Walezi wanakwenda shule

Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule ya msingi yote. Kwa mtoto mchanga wa kijijini uamuzi huo haukuwa na maana kubwa wakati huo, kwa sababu wengi wa ndugu zake hawakuwa shuleni. Uamuzi uliomfikia ni ule wa Musoma wa Novemba 1974, uliotaka kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo mwaka 1977. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikaufanya mahudhurio kuwa ya lazima. Katika miaka hiyohiyo vijiji vya ujamaa vilizisogeza kaya zilizokuwa zimetawanyika milimani zikae karibu na shule.

Umri wa kuanza shule ulikuwa miaka saba. Huo ndio umri wa mlezi mdogo. Wanahistoria wa elimu wameandika mengi kuhusu madarasa yaliyofurika na walimu walioandaliwa haraka, lakini hawakujali sana kwamba Elimu ya Msingi kwa Wote ilimtoa yaya katika kila nyumba asubuhi na kumrudisha mchana akiwa na lugha nyingine. Dada aliyejifunza kuhesabu, kuimba na kuamrishwa kwa Kiswahili alirudi kucheza shule na wadogo zake uani, na mchezo wa shule hauchezwi kwa Kibena. Mwalimu wa mchezo huo alikuwa na miaka minane, na wanafunzi wake walikuwa na miaka miwili na mitatu, yaani katika kipindi ambacho mtoto hupata viambishi vya ngeli na njeo.

Njia hii ya kuhama kwa lugha kupitia ndugu inaelekea kueleza jambo ambalo sera peke yake hailielezi. Tanzania haikuwahi kuwaamuru wazazi waseme Kiswahili na watoto wao wachanga. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 hata ilizitambua lugha za jamii kuwa hazina ya taifa. Lakini mama aliyepitia darasa la Musoma alipopata mtoto wake wa kwanza, mwishoni mwa miaka ya 1980 au mwanzoni mwa miaka ya 1990, tayari alikuwa mtu ambaye michezo yake ya utotoni ilikuwa ya lugha mbili. Kumwambia mtoto wake "njoo, kaa hapa, usilie" hakukuwa kuiacha lugha ya mama yake, kwani ndivyo alivyokwisha kuwaambia wadogo zake.

Makambako

Makambako ulifuata njia fupi zaidi. Barabara kuu ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, vilikutana hapo, na katika miaka ya 1980 barabara ya lami ya Songea ikaufanya mji kuwa njiapanda ya kusini yote. Wabena wa vijiji vya jirani walipanga vyumba pamoja na Wakinga wafanyabiashara, Wahehe, Wasangu, Wanyakyusa na watumishi wa reli waliotoka kila upande wa nchi. Katika nyumba ya kupanga ya uani mmoja, mtoto hulelewa na uani mzima, na uani mzima hauna lugha nyingine ya pamoja ila Kiswahili. Ndoa kati ya Mbena na Mkinga, ambazo lugha zao zinakaribiana, hazikuchagua lugha mojawapo, zilichagua Kiswahili.

Kwa hiyo kilomita 60 hivi zinazotenganisha Makambako na mji wa Njombe ni umbali wa kiisimu pia, na kutoka Njombe hadi vijiji vya Lupembe ni umbali mwingine. Watoto watatu wenye umri wa miezi 30, mmoja kutoka kila mahali hapo, wanaweza kuwa na maendeleo sawa kabisa na bado wakatoa semi tofauti mbele ya mtu yuleyule anayewasikiliza kwa Kiswahili.

Tatizo la kuhesabu

Kipimo kilichotawala tangu Roger Brown alipochapisha uchunguzi wake wa watoto watatu wa Kimarekani mwaka 1973 ni urefu wa wastani wa tungo kwa kuhesabu mofimu. Kwa Kiingereza, chenye mofimu chache katika neno, kipimo hiki huenda sambamba na idadi ya maneno. Kwa lugha za Kibantu kinapotosha pande zote mbili. Mtoto wa miezi 20 anayesema "sitaki" ametamka neno moja lenye mofimu tatu. Akisema "anakula" amefikisha mofimu tano: a-na-ku-l-a. Je, amezipambanua, au amelibeba neno zima kama lilivyo? Tungo moja haiwezi kutoa jibu. Ni lazima kusubiri mpaka aseme pia "tunakula" na "amekula". Anayehesabu maneno atamwona mtoto huyu yuko nyuma, na anayehesabu mofimu atamwona yuko mbele mno.

Msaada mkubwa umetoka Nairobi. Kamil Ud Deen (2005), akichunguza watoto wanne waliokuwa wakipata Kiswahili, alionyesha kwamba kabla ya kufikia kitenzi kamili mtoto hutoa aina nne za tungo kwa wakati mmoja. Kwa kitenzi "lia", ataweza kusema "analia", au "nalia" bila kiambishi cha kiima, au "alia" bila njeo, au "lia" pekee. Asichokidondosha ni irabu ya mwisho. Udondoshaji wake una utaratibu, na ni sehemu ya maendeleo ya kawaida. Lakini "nalia" ni tungo halali kwa mtu mzima pia, maana husemwa kwa "ninalia", na watu wazima wenyewe hudondosha kiambishi cha kiima katika mazungumzo. Mtafiti asiyerekodi usemi wa watu wazima wa nyumba hiyohiyo hana haki ya kuita tungo ya mtoto kosa.

Katherine Demuth naye alikuta huko Lesotho kwamba watoto wa Kisotho hutumia kauli ya kutendwa kabla ya kutimiza miaka mitatu, mapema kuliko ilivyodhaniwa kwa kuwatazama watoto wa Kiingereza, na kwamba hupitia kipindi cha kudondosha viambishi vya nomino huku upatanisho wa kingeli ukiwa tayari umeanza kukaa sawa. Ngeli, zinazomtesa mgeni anayejifunza Kiswahili ukubwani, hazimtesi mtoto.

Njombe kuna jambo la ziada. Kibena kina irabu tangulizi katika nomino (umwana, avana), kinadogosha kwa ha- na tu- pale ambapo Kiswahili sanifu kinatumia ki- na vi-, na kiambishi chake cha kitenzijina ni hu-: hugona ni "kulala". Mtoto mwenye bibi Mbena na dada mwanafunzi anakutana na hu- mbili, ya "kulala" upande mmoja na ya "hulala kila siku" upande wa pili, na hapaswi kutarajiwa kuzitenganisha kwa mwendo uleule wa mtoto wa Nairobi. Vilevile, r haimo katika konsonanti asilia za Kibena. Mtoto wa miaka minne anayesema "lafiki" badala ya "rafiki" anaweza kuwa hajakomaa kimatamshi, maana r huchelewa katika lugha nyingi. Au anatamka barabara kabisa kama watu wazima waliomlea wanavyotamka. Sikio la mwalimu kutoka mkoa mwingine halina namna ya kuyatofautisha mawili hayo.

Bibi na kadi ya kliniki

Historia haikwenda upande mmoja. Janga la UKIMWI, ambalo kiwango chake Njombe kimeendelea kuwa cha juu kuliko mikoa yote (asilimia 12.7 ya watu wazima katika utafiti wa kitaifa wa 2022–2023, dhidi ya asilimia 4.4 ya nchi nzima), liliwarudisha watoto wengi katika malezi ya bibi. Baadhi ya watoto waliozaliwa Makambako na kuanza kubwabwaja kwa Kiswahili walipelekwa kijijini kabla ya kutimiza miaka mitatu, wakaanza upya kwa Kibena. Mtoto wa namna hiyo akinyamaza kwa miezi kadhaa, ukimya wake unaweza kuwa wa msiba, wa lugha mpya, au wa masikio.

Hapa ndipo kosa la pili linapokuwa la hatari zaidi. Utafiti wa Hali ya Afya ya mwaka 2022 uliwakuta watoto wenye udumavu Njombe wakiwa asilimia 50.4 ya walio chini ya miaka mitano, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Udumavu huambatana na kuchelewa kwa ukuaji wa akili na usemi. Kauli ya faraja inayosikika kila mahali, "ataongea tu", humponya mama wa mtoto mzima na kumgharimu mama wa mtoto mgonjwa. Programu ya Taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, imeweka usikivu na mawasiliano mbele ya wahudumu, nalo ni jambo jema, lakini mhudumu anayeuliza kwa Kiswahili "anasema maneno mangapi?" atahesabiwa maneno ya Kiswahili tu. Imefahamika kwa muda mrefu kwamba mtoto wa lugha mbili akihesabiwa msamiati wa lugha moja huonekana maskini, na akihesabiwa wa zote mbili huwa sawa na wenzake.

Mfano wa njia nyingine upo pwani. Katie Alcock na wenzake, walipoandaa orodha za kupima mawasiliano ya watoto huko Kilifi, walizitengeneza kwa Kiswahili na kwa Kigiriama, wakazitumia kwa njia ya mahojiano ili mzazi asiyejua kusoma asiachwe nje. Huko Njombe mahojiano kama hayo yangepaswa kuanza kwa bibi, kwa Kibena, na swali la kwanza lisiwe idadi ya maneno bali mtoto ashinda na nani tangu asubuhi hadi jioni. Akijibu kwamba mtoto huitika akiitwa kwa nyuma, hutumwa kuleta kijiko akakileta, na hugombana na kuku kwa maneno ya Kibena ambayo mwalimu hajapata kuyasikia, basi hoja ya udhaifu wa usemi imekwisha jibiwa. Akijibu kwamba mtoto hageuki hata akiitwa kwa nyuma, kwa lugha yoyote, rufaa ya kupimwa masikio haina haja ya kungoja darasa la awali.