Hela ya Askari Ililala Wapi?

Tunapohesabu akiba ya kikundi kila wiki, mmoja anasema pesa, mwingine anasema hela, na sisi tuliotoka Kivu tunasema franga. Maneno haya kila moja lina safari yake. Pesa ilikuja na wafanyabiashara kutoka India. Franga ni ya Wabelgiji. Hela ni ya Wajerumani: mwaka 1904 serikali yao ya Afrika Mashariki iliigawa rupia moja kuwa heller 100, na watu wakaitamka kwa namna yao. Wajerumani waliondoka zamani, heller yenyewe haitumiki popote, lakini neno limebaki midomoni mwetu. Na kati ya Waafrika wa kwanza kuipokea hela hiyo kila mwezi, kwa mpangilio, walikuwa askari.

Historia ya vita huwa inauliza askari aliua nani na alipora nini. Ni maswali ya haki, na hapa kambini majibu yake tunayo mengi kuliko tunavyotaka. Mimi nauliza swali dogo: mshahara wake aliuweka wapi? Nimeona kwamba ukifuata swali hilo unafika mbali.

Askari wa kawaida wa Wajerumani alipata kama rupia 20 hadi 30 kwa mwezi. Rupia 15 zilikuwa sawa na mark 20 za Ujerumani, kwa hiyo hazikuwa pesa za kuchezea, na kibarua wa shamba la mkonge au pamba hakuzipata. Benki ilikuwepo Dar es Salaam kuanzia 1905, lakini ilikuwa benki ya makampuni na wazungu wenye mashamba. Askari hakuwa na daftari huko. Benki yake ilikuwa nyumba. Kando ya kila boma kulikuwa na kijiji cha askari, na ndani yake wake, watoto, ndugu, na watoto wa kubeba vyombo. Wanawake walilima, wakapika pombe, wakauza. Rupia ya mume iligeuka kuwa mtama, mtama ukageuka kuwa pombe, pombe ikarudi kuwa rupia mbili. Shaush mwenye nyumba kubwa na watu wengi wa kumtegemea alionekana mtu mkubwa kuliko mwenzake mwenye mfuko uliojaa. Na aliyekosa kabla ya mwisho wa mwezi alikwenda dukani kwa Mhindi kuandikiwa deni, kama tunavyoandikiwa sisi hapa kabla ya siku ya mgao.

Akiba nyingine ilikuwa ng'ombe. Hapa tusiipambe habari: wengi wa ng'ombe hao hawakununuliwa. Walichukuliwa kwa watu, hasa wakati wa vita vya Maji Maji, 1905 mpaka 1907, jeshi lilipochoma vijiji na maghala, na njaa iliyofuata ikaua wengi kuliko risasi. Akiba ya askari mmoja ilikuwa njaa ya kijiji kizima. Anayesoma hesabu za akiba za wanajeshi bila kuuliza mali ilitoka wapi anasoma nusu ya daftari.

Vita Kuu ilipoanza 1914, meli za Waingereza zilifunga bahari na sarafu hazikuingia tena. Mwaka 1915 Wajerumani wakaanza kuchapa noti zao wenyewe hapa hapa. Mwaka 1916, Tabora, wakafyatua sarafu katika karakana ya reli: za shaba nyekundu na za manjano kwa matumizi ya kila siku, na chache za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo. Hizo za dhahabu leo ni mali ya wakusanyaji wa vitu vya kale. Septemba mwaka huo huo Tabora ikaangukia mikononi mwa jeshi la Kongo ya Wabelgiji, yaani babu zetu wa Force Publique waliotembea kutoka Kivu kwa miguu. Wajerumani wakarudi kusini, na mwaka 1917 wakatoa noti za mwisho, zilizogongwa kwa mihuri ya mpira. Zilifanana na barua ya mwenyekiti wa mtaa kuliko noti.

Sasa fikiria uko upande wa askari. Mwanzoni unalipwa rupia ya fedha, na fedha ni fedha hata serikali ikianguka, sonara ataipokea. Halafu unalipwa karatasi iliyochapwa vizuri. Halafu karatasi iliyogongwa mhuri. Halafu unaambiwa mshahara umeandikwa, utalipwa vita vikiisha. Mtu huyu hakuwa mjinga wala mlevi. Aliweka akiba kuliko wote, maana kwa miezi na miezi hakutumia hata senti. Lakini akiba yake ilikuwa ndani ya kitabu cha serikali iliyokuwa inakimbia porini pamoja naye.

Tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kuisha Ulaya, jenerali wao Paul von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Abercorn, mji ambao leo Wazambia wanauita Mbala. Alikuwa na askari zaidi ya 1,100, wapagazi zaidi ya hao, na mamia ya wanawake waliotembea vita nzima. Aliomba Waingereza wamkopeshe pesa za kuwalipa watu wake malimbikizo. Wakakataa. Basi kila mtu akaandikiwa cheti cha deni: fulani anaidai serikali ya Ujerumani kiasi fulani. Wakapelekwa Bismarckburg, yaani Kasanga, wakapanda meli, wakapita ziwa hili hili la Tanganyika ambalo wengi wetu tulilivuka usiku, wakashuka Kigoma. Kutoka Kigoma wakapanda gari moshi mpaka kambi ya Tabora. Kambini wakakutana na homa ya mafua iliyokuwa inaua dunia nzima mwaka ule. Kuna waliokufa na cheti kwenye nguo.

Zile noti za vita hazikuwa na mwenyewe tena. Serikali mpya haikuona kama ni deni lake. Waliokuwa na ng'ombe, shamba, au mke mwenye biashara walianza na hicho. Wenye karatasi walisubiri. Ujerumani ililipa malimbikizo katikati ya miaka ya 1920, kwa waliofikiwa na waliokuwa na ushahidi. Miaka karibu 8 ya kutunza karatasi kwenye nyumba ya nyasi, mvua, mchwa na watoto. Wewe unayesoma, jiulize cheti chako cha kwanza cha usajili kiko wapi.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana kuhusu mwisho wa mambo haya. Mwaka 1964, mwaka aliokufa von Lettow-Vorbeck, bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa wazee waliobaki. Inasimuliwa kwamba ofisa mmoja alikuja Mwanza na sanduku la pesa, wazee kama 350 wakajitokeza, na wachache tu walikuwa bado na vyeti. Wengine walileta vipande vya sare. Wengine hawakuwa na kitu. Ofisa akashika ufagio, akampa mzee mmoja mmoja kama bunduki, akamwamuru kwa Kijerumani: beba, shusha, simama sawa. Wanasema hakuna hata mmoja aliyekosea.

Watu hukisimulia kisa hiki huku wanacheka, kama ushahidi wa uaminifu wa askari mweusi. Mimi sicheki. Ninachokiona ni mzee wa miaka 70 anayelazimishwa kucheza gwaride na ufagio ili apewe mshahara wake mwenyewe. Karatasi zilioza, mwili ndio uliobaki kuwa cheti. Nyinyi mnaofanya kazi ya kuhakiki watu kwenye madirisha ya ofisi, mkikutana na mtu asiye na karatasi, mkumbukeni yule mzee. Na sisi tunaopanga foleni tunajua ufagio una sura nyingi.

Lakini hata hao walikuwa na bahati, maana waliandikwa. Upande wa Waingereza walibebesha mizigo watu zaidi ya 1,000,000 kutoka nchi zote hizi, na karibu 100,000 wakafa, wengi kwa kuhara, homa na njaa. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Soko la Kariakoo Dar es Salaam limepata jina hapo. Mpagazi alipokufa, mshahara wake ulibaki kwenye vitabu. Lakini jina lilikuwa limeandikwa vibaya, kijiji hakijulikani, au mtu mmoja aliandikwa kwa majina mawili. Pesa za marehemu zikawa nyingi mpaka Oscar Watkins, mkuu wa kikosi hicho, akawa anapigania zilipwe. London haikutaka. Pesa ambazo watu walizifanyia kazi mpaka kufa hazikufika kwa wajane wao, na sababu iliyotajwa ilikuwa hesabu na majina.

Vita ya pili mambo yalikuwa na utaratibu zaidi. Askari wa King's African Rifles walitumia familia pesa kutoka Ethiopia na Burma, na wengine wakawa na vitabu vya akiba vya posta. Kitabu cha posta ni kitu kizuri, sikipingi. Lakini waliporudi 1945 na 1946 walikuta bei zimepanda na bidhaa hakuna, kila mmoja anataka kufungua duka au kununua lori kwa wakati mmoja. Maduka mengi yalikufa mapema. Akiba ilitunzwa vizuri. Wakati ndio uliowala.

Nije nyumbani sasa. Zaire ilijua kuua akiba kwa kalamu. Siku ya Noeli 1979, Mobutu alifuta noti za zaire 5 na 10. Watu walipewa siku chache za kubadilisha, kwa kiwango chenye mpaka. Mtu wa mjini mwenye shemeji benki alijitahidi. Mtu wa kijijini mwenye noti ndani ya mtungi alizisikia zimekufa redioni. Septemba 1991 wanajeshi waliochoka na mshahara wa bure walianza kupora Kinshasa, na uporaji ukasambaa nchi nzima. Halafu Januari 1993 ikaja ile noti ya zaire 5,000,000. Ilikuwa na thamani ya kama dola 2 hivi. Etienne Tshisekedi alisema si halali, wafanyabiashara wakaikataa, na wanajeshi waliolipwa kwa noti hiyo wakatoka kambini na bunduki. Mamia ya watu walikufa, na balozi wa Ufaransa pia.

Jirani yangu hapa ni mzee aliyekuwa katika jeshi la wakati ule. Nilimuuliza. Akaniambia hivi: "Balitulipa asubui. Saa sita mama ya sokoni anakatala. Mi niko na bunduki, ye iko na sombe. Nani iko na nguvu apo?" Nikamuuliza alifanya nini. Akanyamaza kidogo, akasema siku ile alirudi nyumbani bila sombe, lakini si wote walirudi hivyo. Noti zake bado anazo, kafunga kwa raba. Wajukuu wanachezea duka.

Swali lake ndilo ningependa watu wa miradi walijadili. Tunafundishwa semina nyingi kuhusu nidhamu ya kuweka akiba: punguza matumizi, andika bajeti, usinywe pombe. Vyema. Lakini yule mwanajeshi wa Zaire angeweka bajeti ya noti ipi? Oktoba 1993 ikatoka zaire mpya, moja kwa zaire 3,000,000 za zamani. Kasai wakaikataa kabisa wakaendelea na za zamani, na hawakukosea sana, maana ile mpya nayo ilioza haraka. Watu wa Kasai hawakuhudhuria semina. Walijua tu kwamba pesa ni nani anaipokea sokoni.

Baadaye Kongo ilijaribu kurekebisha mishahara ya jeshi. Kuanzia 2005, kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, walianza kutenganisha mkono unaolipa na mkono unaoamuru, maana zamani kamanda alipokea mfuko wa kikosi kizima na kila ngazi ilimega kipande chake. Walihesabu wanajeshi kwa alama za vidole, na kwenye orodha zikapatikana roho nyingi zisizo na miili: askari hewa waliokuwa wanalipwa kila mwezi. Kisha kuanzia 2011 mishahara ikaanza kupitia benki. Naona ni hatua kubwa, pengine kubwa kuliko nyingine zote katika habari hii, kwa sababu jina la mtu mwenyewe sasa liko kwenye daftari. Lakini tawi la benki liko mjini, kikosi kiko msituni, na mke yuko ng'ambo ya mpaka.

Katika kikundi chetu cha akiba, kile ambacho bado tunakiita likirimba ingawa sheria zake zimebadilika, kuna wajane wawili wa wanajeshi. Mmoja ana picha ya mume akiwa na sare na namba yake ya jeshi imeandikwa nyuma kwa bic. Mwingine hana kitu, waliondoka usiku. Wameambiwa kuna haki za wajane, na wameambiwa walete cheti cha ndoa, cheti cha kifo, na wafike wenyewe kwenye ofisi iliyo katika mji ambao walitoroka. Yule mwenye picha ameipiga nakala tatu. Jumamosi wote wawili wanakuja, wanakaa kwenye mkeka, wanaweka hisa mbili mbili, na katibu anasoma majina yao kwa sauti ili kila mtu asikie yameandikwa sawasawa.